KONA YA BWANA SHAMBA: Karatasi za Ofisini, Tujue Kuziomba

Mwezi huu sitaandika juu ya mahindi wala juu ya funza wa vitumba. Nitaandika juu ya karatasi.

Pengine utashangaa. Bwana shamba na karatasi, wapi na wapi? Ngoja nikueleze. Kazi yangu ni kuwatembelea wakulima. Napita shamba hili, napita shamba lile. Tukimaliza kutazama mimea, watu hunikaribisha kivulini, na hapo maswali huanza. Mengine ni ya kilimo. Mengi si ya kilimo hata kidogo.

"Bwana shamba, ile michango yetu ya zahanati imefika kiasi gani?"

"Bwana shamba, mpaka wetu na kijiji jirani unapita wapi hasa?"

"Je, ni kweli lile bonde limekwisha kugawiwa mtu?"

Majibu ya maswali hayo siyajui. Lakini najua yalipo. Yamo ndani ya majalada, kabatini, katika ofisi ya kijiji au ya wilaya. Anayeuliza anakaa hatua mia mbili kutoka ofisi ile, wala hajapata kwenda kuomba kuiona karatasi yenyewe. Mmoja anadhani ni siri ya Serikali. Mwingine anadhani kuomba karatasi ni sawa na kumshtaki Mtendaji. Wa tatu anasema yeye hakusoma sana, basi ataanzaje? Wote watatu wanabaki na minong'ono. Na minong'ono ikilala kijijini muda mrefu, huamka ikiwa ugomvi.

Basi leo tujifunze namna ya kuomba. Ni kazi yenye taratibu zake, kama kupanda kwa mstari.

SHERIA INASEMA NINI

Katiba ya nchi yetu, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kutafuta habari, kuzipokea na kuzitoa. Inasema pia kwamba wananchi wana haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu ya maisha yao na ya jamii.

Mwaka 2016 Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Ni Sheria Na. 6 ya mwaka huo. Kanuni zake zilitoka mwaka 2017. Sheria hii inatumika Tanzania Bara, na haki inayoitoa ni ya raia. Inasema kwamba raia anaweza kuomba taarifa iliyo katika ofisi ya umma. Inasema ofisi hiyo iwe na mtu maalumu wa kushughulikia maombi. Tena inaweka muda. Ombi lijibiwe mapema iwezekanavyo, na lisipite siku 30.

Wenzetu wa Swideni walitunga sheria ya namna hii mwaka 1766. Sisi tumeanza juzi tu. Si neno, tumekwisha anza.

Liko jambo moja katika sheria hii ambalo napenda kila msomaji wa gazeti hili amweleze jirani yake. Mtu asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaruhusiwa kuomba kwa mdomo. Yule ofisa ndiye anayepaswa kuliandika ombi lake na kumpa nakala. Kwa hiyo bibi yako aliye nyumbani ana haki ile ile aliyo nayo mwalimu mkuu.

KARATASI ZILIZOPO KIJIJINI

Watu wengi hawaombi kwa sababu hawajui kuna nini ofisini. Huwezi kuagiza mbegu usiyoijua jina. Tuzitaje kidogo.

Kwanza, iko mihutasari. Muhtasari ni maandishi ya mambo yaliyosemwa na kuamuliwa mkutanoni. Kijiji kina mikutano ya aina mbili ambayo tusiichanganye. Mmoja ni wa Halmashauri ya Kijiji, yaani wale wajumbe mliowachagua, ambao sheria inataka wasipungue 15 wala wasizidi 25. Mwingine ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Huo ni wa watu wazima wote wa kijiji, kila aliyetimiza miaka 18. Kila mkutano una muhtasari wake, na anayeutunza ni Mtendaji wa Kijiji. Kumbuka tofauti hiyo. Mbele kidogo utaona ilivyokuwa na maana kubwa kwa kijiji kimoja.

Pili, ziko karatasi za fedha. Kuna daftari la mapato na matumizi. Kuna vitabu vya stakabadhi. Kuna hati za malipo. Taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa kusomwa mbele ya wananchi katika Mkutano Mkuu kila miezi mitatu. Isiposomwa, iulize.

Tatu, ziko karatasi za ardhi. Hizi kwangu mimi bwana shamba ndizo zenye uzito kuliko zote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kijiji kiwe na masjala ya ardhi, yaani mahali pa kutunzia kumbukumbu za nani amepewa ardhi ipi. Kiko pia cheti cha ardhi ya kijiji, kwa vijiji vilivyopimwa. Kama kijiji kimefanya mpango wa matumizi ya ardhi, kuna ramani inayoonyesha wapi ni malisho, wapi msitu, wapi mashamba.

Nne, yako madaftari ya wakazi na ya wakulima. Tangu msimu wa 2022/2023, mbolea ya ruzuku hutolewa kwa mkulima aliyesajiliwa. Kama hukupata, usikae kulalamika kilabuni. Nenda ukaombe kuona maandishi yanayokuhusu wewe. Huenda jina halikuandikwa. Huenda namba ya simu ilikosewa tarakimu moja. Huenda ekari zako tatu ziliandikwa moja. Hayo yote yanarekebishika, lakini kwanza uyaone kwa macho yako.

HABARI YA BONDE

Sasa nieleze habari ya kijiji kimoja nilichopata kufanya kazi. Sitakitaja jina, maana watu wake bado wanaishi pamoja, na wengine wao ni wasomaji wa gazeti hili.

Kijiji kile kilikuwa na bonde. Wakati wa kiangazi ng'ombe walikunywa na kulisha pale. Kina mama walilima bustani za mchicha na nyanya pembeni. Mwaka mmoja akaja mtu kutoka mjini, akaanza kulima mpunga bondeni. Akaweka miti ya mpaka. Watu wakauliza, wakajibiwa kwamba amepewa na kijiji. Kiasi gani? Mmoja alisema ekari kumi. Mwingine alisema hamsini. Wengine walisema bonde zima limeuzwa na fedha zimeliwa.

Vijana walikasirika. Ikasemwa kwamba usiku fulani watakwenda kung'oa ule mpunga. Mimi niliyasikia maneno hayo na nikaogopa sana, kwa sababu nimeona mahali pengine jambo kama hilo lilivyoishia kwa mapanga.

Aliyelituliza jambo hili ni mama mmoja wa makamo, mjane, mlimaji wa mchicha. Katika kikao cha kina mama aliuliza swali moja tu. "Kama kijiji kilimpa, kilimpa siku gani? Na siku hiyo mimi nilikuwa wapi?"

Ndugu msomaji, lirudie swali hilo polepole. Maana kama kijiji kilikaa kikaamua, basi kuna muhtasari. Muhtasari una tarehe. Una majina ya waliohudhuria. Una idadi ya ekari.

Mama yule na wenzake wawili wakaandika barua kwa Mtendaji wa Kijiji. Hawakumlaumu mtu. Hawakuandika neno "wizi" wala neno "rushwa". Waliomba nakala ya muhtasari wa mkutano ulioamua kumpa ardhi ya bonde mtu fulani. Basi. Wakapeleka nakala moja kwa Mtendaji wa Kata, na moja wakabaki nayo.

Wiki ya kwanza waliambiwa mwenye ufunguo wa kabati amesafiri. Wiki ya pili waliambiwa warudi kesho. Mama yule hakugomba. Kila aliporudi alikuja na ile nakala yake yenye muhuri wa kupokelewa, akaiweka mezani, akauliza, "Leo ni siku ya ngapi?" Siku ya 19 walipewa.

Karatasi ilisema hivi. Mkutano ulikuwa wa Halmashauri ya Kijiji. Wajumbe waliohudhuria walitajwa kwa majina. Ardhi iliyotolewa ilikuwa ekari kumi.

Hapo ndipo waliponiita mimi. Walitaka nipime. Nikaenda na kamba, mchana kweupe, mbele ya Mwenyekiti wa Kijiji, mbele ya yule bwana wa mpunga, na mbele ya watu wengi waliokuja kutazama. Tunajua wote kwamba kwa hesabu ya kijijini ekari moja ni hatua 70 kwa hatua 70. Tulipima kutwa nzima kuifuata ile miti ya mpaka. Tukapata ekari 23 na kitu.

Kwa hiyo waliosema hamsini walikosea. Waliosema bonde zima limeuzwa walikosea pia. Lakini ekari 13 zilikuwa zimechukuliwa bila karatasi yoyote. Tena hata zile kumi zilikuwa na kasoro. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inakataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi kabla ya kupata kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wale mama waliomba pia muhtasari wa Mkutano Mkuu. Ulitafutwa haukuonekana, na kila mtu alijua kwa nini haukuonekana. Jambo lile halikuletwa kabisa mbele ya wananchi.

Mkutano Mkuu uliitishwa. Ulikuwa mkali, siwezi kuficha. Yule bwana alisema yeye alilipa ushuru halali na akatoa stakabadhi zake, na kweli alikuwa nazo. Wananchi waliamua avune mpunga wake, kisha arudishe zile ekari 13. Juu ya zile kumi walibishana hadi jua likazama, na shauri likapelekwa mbele. Mpaka nilipohamishwa lilikuwa halijaisha. Lakini ng'ombe walikwisha rudi kunywa maji, na hakuna aliyekatwa panga.

Mimi nasema karatasi ile moja, yenye kurasa mbili, ilifanya kazi ambayo askari kumi wasingeiweza. Hata yule bwana wa mpunga ilimsaidia. Bila ya ile karatasi angetimuliwa kwa ekari zote 23, na pengine angeumizwa.

NAMNA YA KUOMBA

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Lililo kubwa ni kuitaja karatasi. Usiombe "habari zote za fedha za kijiji tangu zamani". Ofisa hatajua aanzie wapi, na wewe hutajua umepewa nusu au robo. Omba karatasi moja, ya jambo moja, ya wakati mmoja. Kama hujui tarehe, taja majira. "Mkutano uliofanyika baada ya mavuno mwaka 2023" ni bora kuliko kutosema kitu.

Barua iwe fupi. Iandike hivi:

Jina lako
Kitongoji na kijiji chako
Tarehe ..........

Mtendaji wa Kijiji,
Kijiji cha ..........

Ndugu,

YAH: OMBI LA NAKALA YA MUHTASARI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni raia na mkazi wa kijiji hiki. Kwa kufuata Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala ya muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji uliofanyika mwezi .......... mwaka .........., uliozungumzia ujenzi wa zahanati.

Kama nakala ina gharama, naomba nijulishwe kabla.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
(Sahihi au dole gumba)

Ndiyo barua nzima. Usiongeze hadithi. Usiandike kwamba unamshuku fulani. Kama una shaka, shaka hiyo itapata nafasi yake ukisha kuiona karatasi. Mara nyingine utakuta shaka yako haikuwa na msingi, na utamshukuru Mungu kwamba hukuiandika.

Andika barua mbili zinazofanana. Moja unaiacha ofisini. Nyingine unaomba igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, kisha unaondoka nayo. Kama muhuri haupo, aliyepokea aandike jina lake na tarehe kwa kalamu. Nakala hiyo itunze vizuri, mbali na moto wa jikoni na mchwa. Bila nakala hiyo huna siku ya kwanza ya kuhesabia.

Kisha hesabu siku. Kama una kalenda ukutani, zungushia duara siku ya 30. Kama huna, weka punje za mahindi kwenye kibuyu, moja kila asubuhi. Wazee wetu walihesabu hivyo na hawakukosea.

Nenda kwa adabu. Bisha hodi, salimu, kaa, eleza shida yako. Mtendaji wa Kijiji ni mtu mwenye kazi nyingi na mara nyingi yuko peke yake. Anapokea wageni wa wilaya, anakusanya ushuru, anasuluhisha waliopigana. Ukimwendea kwa kelele atakuona adui. Wengi niliowaona wakikataa hawakuwa na uovu wowote. Walikuwa hawajui kama wanaruhusiwa kutoa, wakaona salama yao ni kukataa. Mwonyeshe kwa upole ile sehemu ya barua iliyotaja sheria, na umwombe aulize kwa Mtendaji wa Kata.

Kama jambo lako ni la wilaya, barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya. Nauli ya kwenda na kurudi mjini ni kitu, najua. Kwa hiyo waombaji wa jambo moja waungane, waandike barua moja, wamtume mmoja.

YASIYOTOLEWA

Zipo karatasi ambazo hutapewa, na ni haki. Sheria imezitaja. Kuna mambo ya ulinzi na usalama wa nchi. Kuna upelelezi wa polisi ambao haujakwisha. Kuna mashauri yaliyo mahakamani. Kuna siri za biashara ya mtu. Na kuna mambo ya ndani ya maisha ya mtu binafsi. Usiende zahanati kuomba kadi ya ugonjwa ya jirani yako. Usiombe kujua mwalimu fulani amekopa kiasi gani. Hayo hayakuhusu.

Lakini fedha za umma zilizochangwa kwa ajili ya darasa si siri ya mtu binafsi. Mgawo wa ardhi ya kijiji si siri ya ulinzi wa nchi. Ukiambiwa "ni siri", uliza kwa upole: ni siri ya aina gani, na imetajwa wapi katika sheria? Omba jibu hilo kwa maandishi, maana ofisi inayokataa inapaswa kukuandikia na kutoa sababu.

UKIKATALIWA

Ukikataliwa na hukuridhika, unazo siku 30 tangu ulipopata jibu za kuandika kwa mkuu wa taasisi ile ili aliangalie upya jambo lako. Naye ana siku 30 za kuamua. Ukiwa bado hukuridhika, sheria inakupa siku 30 nyingine za kukata rufaa kwa Waziri anayehusika. Ni safari ndefu kwa mkulima, na sitakudanganya kwamba ni rahisi. Mimi binafsi sijamwona mtu wa kijijini aliyefika huko.

Ila kwa mambo ya kijiji kuna njia fupi zaidi, nayo ni Mkutano Mkuu wenyewe. Simama siku ile, onyesha nakala yako yenye muhuri, sema, "Niliomba karatasi hii tarehe fulani, sijaipata." Wananchi wote watasikia, na itaandikwa katika muhtasari wa siku hiyo. Mama wa mchicha alikuwa amejiandaa kufanya hivyo kama siku 30 zingepita.

Tena ijulikane kwamba kuficha, kufuta au kuharibu kumbukumbu kwa kusudi la kuzuia isitolewe ni kosa la jinai chini ya sheria hii ya 2016. Nawaambia hili hasa ndugu zangu watumishi wa vijiji na kata. Daftari likichanwa ukurasa, atakayeulizwa ni aliyekuwa na ufunguo.

Hapo hapo niwaombe watumishi wenzangu jambo jingine. Mihutasari mingi haitolewi kwa sababu haikuandikwa vizuri, au imeliwa na mchwa. Nimeona ofisi ambayo majalada yalikuwa yamewekwa sakafuni, juu ya magunia ya mbegu. Panya hawachagui kati ya mtama na muhtasari. Weka karatasi juu ya rafu, mbali na ukuta, na kila mwisho wa mwezi zifungue uzipunge hewa. Ndivyo tunavyotunza mbegu, na karatasi ni hivyo hivyo.

KARATASI ZA ZAMANI

Wako wazee walioniuliza juu ya karatasi za miaka ya nyuma sana. Shida yao inatokana na wakati wa kuhamia vijijini. Mtu alihamishwa mwaka 1974, akagawiwa shamba jipya, na shamba lake la zamani likapewa mwingine. Leo wajukuu wanagombana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977. Kwa hiyo mtu mwenye ushahidi wa maandishi wa wakati ule ana kitu cha maana mkononi.

Kwanza tafuta kijijini na wilayani. Kama hakuna, iko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, Dar es Salaam, na ndani yake zimo hata karatasi za wakati wa Wajerumani na wa Waingereza. Kwa sheria ya mwaka 2002, kumbukumbu za Serikali zilizotimiza miaka 30 huwa wazi kwa wananchi, isipokuwa chache zenye sababu maalumu. Karatasi za mwaka 1974 zimepita muda huo zamani. Lakini usipande basi kwa kubahatisha. Andika barua kwanza, taja wilaya na mwaka, uulize kama zipo.

MASWALI YENU

Msomaji mmoja ameuliza kama ni lazima kulipa. Jibu langu ni hili. Ofisi inaweza kudai gharama ya kutoa nakala, na ukilipa dai stakabadhi. Kama huna fedha ya nakala, omba kuisoma karatasi pale pale ofisini. Nenda na daftari na kalamu, unakili mwenyewe maneno unayoyahitaji. Nakili kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza, na andika tarehe uliyonakili. Nenda na mwenzako anayejua kusoma vizuri, ili mmoja asome na mwingine aandike.

Msomaji mwingine, mama wa nyumbani, ameuliza kama mke anaweza kuomba karatasi ya shamba bila kumtuma mumewe. Anaweza. Sheria imesema raia.